Theluji isiyoanguka si ushindi: ozoni ya mabonde ya Wyoming na Utah

Februari 2008, kituo cha kupima hewa karibu na Boulder, kijiji kidogo cha kaunti ya Sublette magharibi mwa jimbo la Wyoming, Marekani, kilisoma ozoni, gesi inayodhuru mapafu ikivutwa, ya sehemu 122 kwa bilioni kwa wastani wa saa 8. Kikomo cha kisheria cha nchi hiyo leo ni sehemu 70. Kaunti yenyewe haijafikisha hata watu 11,000. Hakukuwa na foleni ya magari, wala moshi wa viwanda wa kuonekana kwa macho. Kulikuwa na theluji ardhini, baridi ya hadi nyuzi 17 chini ya sifuri, na anga la buluu lisilo na wingu.

Kabla ya hapo, habari za ozoni ya ardhini zilisimuliwa kwa mfano wa Los Angeles: jiji kubwa, jua la kiangazi, mamilioni ya magari. Sublette ikaja na ozoni ya kiwango cha mjini, mashambani, katikati ya baridi. Machi 2011 bonde hilohilo la Sublette lilisoma 124. Mwaka 2013 bonde la Uintah, mashariki mwa jimbo jirani la Utah, likafika 142, yaani mara mbili ya kikomo.

Mengi yamefanyika tangu wakati huo, na baadhi yamesaidia. Lakini kuna kosa moja la msingi ambalo bado halijarekebishwa: mafanikio ya mabonde haya yanapimwa kwa ozoni iliyoonekana hewani, ilhali ozoni hiyo inategemea theluji ilianguka au haikuanguka. Mwaka wa theluji chache unahesabiwa kuwa mwaka mzuri hata kama matangi ya visima vya gesi na mafuta vilivyojaa mabonde hayo yalivuja kama kawaida. Hesabu ya namna hii inawasifu watu kwa kazi iliyofanywa na mawingu.

Kuona kwa nini, tuanze na ozoni yenyewe inavyopikwa. Ozoni ya ardhini haitoki kwenye bomba lolote. Hakuna gari linaloitoa, hakuna kisima kinachoitoa. Inapikwa hewani kwa viungo viwili na moto mmoja. Kiungo cha kwanza ni oksidi za nitrojeni, zinazotoka popote panapochomwa mafuta au gesi kwa joto kali: injini za mitambo ya kuchoronga visima, kompresa, malori. Kiungo cha pili ni misombo tete ya kaboni, yaani mivuke ya petroli, bensini, toluini, zailini, propani na jamii yao. Moto ni mwanga wa jua. Mwanga unaivunja dioksidi ya nitrojeni, atomu moja ya oksijeni inabaki peke yake, inajishikiza kwenye oksijeni ya kawaida, na hapo ozoni imezaliwa.

Mchezo ungeishia hapo kama isingekuwa ile misombo tete. Monoksidi ya nitrojeni iliyobaki baada ya kuvunjwa huila ozoni na kurudi kuwa dioksidi, kwa hiyo kinachotengenezwa na kinacholiwa vinakaribia kulingana. Misombo tete ndiyo inayoharibu mizani. Ikioksidishwa hewani hutoa radikali, vipande vya molekuli vyenye uchu wa kushikana na vingine, na radikali hizo huigeuza monoksidi kuwa dioksidi bila kuigusa ozoni. Kila mzunguko unaacha ozoni ya ziada, na mizunguko ni mingi kwa siku.

Sasa ongeza bonde na theluji. Bonde la juu la mto Green limezungukwa na milima ya Wind River upande wa mashariki na Wyoming Range upande wa magharibi. Mji wa Pinedale uko karibu mita 2,190 juu ya usawa wa bahari. Baada ya dhoruba ya theluji kupita, mgandamizo mkubwa wa hewa unatulia juu ya eneo, upepo unakufa, mawingu yanatawanyika. Usiku ardhi inapoteza joto, hewa nzito ya baridi inateremka kutoka mitelemko na kujaa chini kama maji kwenye karai. Juu yake inakaa hewa ya joto zaidi. Wataalamu wa hali ya hewa huita hali hiyo mpinduko wa joto, na kazi yake ni ya kifuniko cha sufuria: chochote kinachotolewa chini kinabaki chini, mara nyingi ndani ya tabaka lenye unene wa mita mia moja au pungufu.

Theluji inafanya kazi tatu kwa pamoja, na ndiyo maana ina uzito kuliko kitu kingine chochote katika hadithi hii. Kwanza, inazuia ardhi isipate joto mchana, kwa hiyo kifuniko hakifunguki. Ardhi tupu ingepashwa na jua la asubuhi, hewa ingepanda, na kabla ya adhuhuri uchafu ungekuwa umetawanyika. Pili, theluji mpya huakisi zaidi ya asilimia 80 ya mwanga. Molekuli iliyo hewani hupigwa na jua likishuka na kupigwa tena likirudi juu, hivyo moto wa kupikia unakaribia kuwa maradufu. Tatu, ozoni hupotea kwa kugusa udongo na majani, lakini ikigusa theluji hupotea polepole sana. Sufuria imefunikwa, moto umeongezwa, na hakuna anayepakua.

Kuna jambo moja la kikemia lililowashangaza hata wenye fani. Katika miji ya joto, radikali za kuanzisha mchezo hutokana kwa sehemu kubwa na ozoni yenyewe kuvunjwa na mwanga na kukutana na mvuke wa maji. Hewa ya Februari milimani ni kavu mno kwa njia hiyo. Utafiti uliofanywa Uintah na kutoka katika jarida la Nature mwaka 2014 ulionyesha kwamba huko chanzo kikuu cha radikali ni misombo jamii ya fomaldehaidi, ambayo mwanga huivunja moja kwa moja, na ambayo yenyewe ni zao la misombo tete iliyovuja. Kwa maneno mengine, mivuke ya gesi ni kuni na pia ni kiberiti. Ndiyo sababu kupunguza uvujaji Uintah kuna faida kuliko ambavyo hesabu za Los Angeles zingetabiri.

Mtu anayejua milima atauliza: je, ozoni hii haikushuka kutoka tabaka la juu la angahewa? Swali ni halali. Katika nyanda za juu za magharibi mwa Marekani, hasa majira ya kuchipua, hewa ya stratosfia huteremka mara kwa mara na kupandisha vipimo. Lakini hewa hiyo ina alama zake: ni kavu sana, haina mivuke ya mafuta, na ozoni yake huongezeka kadiri unavyopanda. Huku ilikuwa kinyume. Maputo ya kupimia yaliyofungwa kamba Uintah yalionyesha ozoni nyingi chini ya kifuniko, na juu yake hewa ya kawaida. Na Sublette, kwa siku moja tu, kipimo cha saa moja kilipanda kutoka kati ya sehemu 10 na 30 za usiku hadi kuvuka 140 muda mfupi baada ya jua la utosi. Ozoni ya namna hiyo imepikwa hapohapo.

Uthibitisho mzito zaidi ulikuja bila mtu kuupanga. Wanasayansi walipeleka vifaa vyao Uintah msimu wa baridi wa 2012. Theluji ikakosekana. Visima vilikuwa vinafanya kazi, mivuke ilipimwa ikiwa mingi hewani, lakini ozoni haikuvuka kikomo. Wakarudi 2013. Theluji ikaanguka, na bonde likafika 142. Visima ni vilevile, matangi ni yaleyale, watu ni walewale. Kilichobadilika ni weupe wa ardhi.

Kwa hiyo turudi kwenye hesabu ya sheria. Marekani huchukua, kwa kila kituo, ile siku iliyoshika nafasi ya nne kwa ozoni katika mwaka, kisha hutafuta wastani wa miaka 3. Ukiwa 70 au chini, eneo limefaulu. Tuseme bonde limekuwa na baridi mbili zenye theluji haba, likapata 64 na 62, kisha baridi moja ya theluji nzuri likapata 84. Jumla ni 210, gawanya kwa 3, unapata 70. Bonde limefaulu. Mtoto mwenye pumu aliyevuta hewa ya 84 na zaidi katika ule mwaka wa tatu hayumo popote kwenye jibu hilo.

Kwa jiji la joto, wastani wa miaka 3 una mantiki, kwa sababu jua la kiangazi halikosi kuja. Kwa bonde linalotegemea theluji, ni kama kupima uimara wa paa kwa wastani wa miaka ambayo miwili haikunyesha. Mwaka 2009 gavana wa Wyoming wa wakati huo, Dave Freudenthal, alipendekeza eneo la Sublette litangazwe kuwa halijafikia kiwango cha hewa safi, jambo la kiungwana katika jimbo linaloishi kwa gesi. Serikali kuu ililitangaza hivyo 2012. Mwaka 2016 ikathibitisha kwamba eneo lilifikia kiwango cha wakati huo, sehemu 75, kabla ya tarehe ya mwisho ya 2015. Sehemu ya mafanikio hayo ni ya kweli, kwa sababu kanuni zilikazwa. Lakini siku za ozoni ya juu zilirudi baadaye, ikiwemo baridi ya 2019, na hakuna anayefuatilia mambo haya aliyeshangaa.

Ninachodai ni hiki: ripoti ya kila msimu iweke mambo matatu kwenye ukurasa mmoja. Siku ambazo ardhi ilikuwa na theluji na kifuniko cha hewa kilikuwepo. Ozoni iliyopimwa katika siku hizo tu. Na kiasi cha mivuke kilichopimwa hewani, siku zenye theluji na zisizo nayo. Msimu usio na theluji uandikwe kuwa haukutoa jawabu. Na swali la kama hali inaboreka lijibiwe kwa kulinganisha siku zinazofanana. Data zote hizo zinakusanywa tayari au zinaweza kukusanywa bila teknolojia mpya.

Tukubaliane kwamba kazi yenyewe iko kisimani, basi twende huko. Gesi ikitoka chini inakuja na maji na mafuta mepesi. Inapitishwa kwenye kitenganishi, gesi inaenda bombani, mafuta yanaenda tangini. Kwenye kitenganishi kuna shinikizo kubwa, kwenye tangi karibu hakuna. Mafuta yakiingia tangini yanatoa gesi iliyoyeyuka ndani yake, kama soda inapofunguliwa. Mvuke huo unapaswa kusafiri kwa bomba dogo hadi kwenye kichomeo, ambacho kikifanya kazi vizuri huteketeza takriban asilimia 98.

Juu ya tangi kuna kifuniko cha kupimia, chenye springi na mpira wa kuzibia. Hapo ndipo mambo huharibika, na huharibika kwa namna ya kawaida kabisa. Mfanyakazi amefungua kupima kina cha mafuta, amefunga bila kusukuma komeo hadi mwisho. Au mpira umekakamaa kwa baridi na kuacha uwazi usiozidi unene wa kucha. Au, na hili ndilo gumu kugundua, bomba la mvuke lina sehemu iliyobonyea, mvuke umeganda humo ukawa kimiminika na kuziba njia. Shinikizo linapanda, kifuniko kinajiinua kama kilivyoundwa kufanya, gesi yote inatokea juu. Kule kwenye kichomeo mwali umekuwa mdogo au umezimika, na anayepita kwa gari anaona eneo tulivu lisilo na moshi. Uvujaji huu hauna rangi. Tiba yake ni mteremko sahihi wa bomba usio na mabonde, mtego wa kukamua kimiminika sehemu ya chini kabisa, na kipimo cha shinikizo kwenye tangi kinachopeleka taarifa ofisini.

Mtambo wa kukausha gesi nao una siri yake. Glikoli huzungushwa ili ifyonze maji yaliyomo ndani ya gesi. Inafyonza pia bensini, toluini na zailini. Ikichemshwa kwenye nyuzi karibu 200 ili iachie maji, inaachia na hizo. Kadiri pampu inavyozungusha glikoli nyingi, ndivyo mivuke hiyo inavyoongezeka, ilhali baada ya kiwango fulani gesi haikauki zaidi. Kisima kikiwa kipya hutoa gesi nyingi, na pampu hupangwa kwa wingi huo. Miaka inapita, gesi inapungua hadi sehemu ndogo ya ile ya mwanzo, pampu inabaki ilipowekwa. Kuipunguza kasi ni kazi ya dakika chache na haihitaji kifaa chochote kipya. Miongoni mwa hatua zote ninazozijua katika fani hii, hii ndiyo inayonisikitisha zaidi inaposahauliwa.

Halafu kuna vidhibiti vya vali vinavyoendeshwa kwa shinikizo la gesi yenyewe, kwa kuwa visima vingi viko mbali na umeme. Kila vinapofanya kazi vinapumua gesi nje. Hata vile vinavyoitwa vya uvujaji mdogo vimewekewa kikomo cha futi za ujazo 6 kwa saa, karibu lita 170. Kidhibiti kimoja kikipumua kwa kikomo hicho mwaka mzima, ni mita za ujazo 1,490 hivi, na eneo moja linaweza kuwa na vidhibiti kadhaa. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, ambayo huchelewa kuoksidika na haina mchango mkubwa katika ozoni ya siku chache, lakini inafuatana na zile nzito zenye haraka. Badala yake ipo: hewa iliyoshindiliwa na kompresa ndogo, au vidhibiti vya umeme wa jua.

Wyoming ilitunga kanuni kwa ajili ya bonde hili, hata kwa mitambo iliyokuwepo tayari, na kuyapa makampuni hadi tarehe 1 Januari 2017. Eneo lenye uvujaji wa tani 4 za misombo tete au zaidi kwa mwaka likaguliwe kila robo ya mwaka. Ni kanuni nzuri, bora kuliko nyingi za wakati wake. Udhaifu wake ni kwamba tangi linaweza kufunguka kesho yake baada ya mkaguzi kuondoka na likabaki hivyo hadi ziara inayofuata. Kamera ya miale ya joto inayotumika kukagua huona gesi kwa tofauti ya joto kati yake na kilicho nyuma yake; tofauti ikiwa ndogo, au upepo ukiwa mkali, picha inakuwa tupu na fomu inajazwa kwamba hakuna kitu. Ingefaa ukaguzi wa robo ya mwisho ufanyike Desemba, kabla msimu haujaanza, na marudio yafanyike siku chache baada ya baridi kali ya kwanza, kwa kuwa baridi ndiyo inayokakamaza mipira.

Kati ya Januari na Machi idara ya mazingira ya jimbo hutabiri siku za hatari. Watabiri hutazama theluji, mgandamizo wa hewa, upepo, mawingu na nguvu ya kifuniko cha hewa. Tahadhari ikitolewa, makampuni huahirisha kazi kama kusafisha matangi na kujaza mafuta, na huzima injini zisizo na kazi. Wakazi huambiwa wapunguze kazi nzito za nje. Utabiri huu ni wa manufaa na usiondolewe. Tatizo ni kuutegemea kama dawa. Mivuke hujilimbikiza chini ya kifuniko siku hadi siku, kwa hiyo siku tahadhari inapotangazwa, sehemu ya kuni imeshapangwa. Kuahirisha kusafisha tangi kunazuia nyongeza, hakuondoi kinachotoka usiku na mchana kwenye kifuniko cha tangi kilicholegea. Kisha tahadhari inahamisha mzigo: aliyevuja anaombwa aahirishe, anayevuta anaambiwa akae ndani.

Na kukaa ndani si jambo dogo kwa watu wanaolisha ng'ombe kwenye theluji kila siku. Uchunguzi wa idara ya afya ya Wyoming kuhusu wagonjwa wa Sublette wa 2008 hadi 2011 ulikuta kwamba kila ozoni ilipopanda kwa sehemu 10, ziara za kliniki kwa matatizo ya kupumua ziliongezeka kwa karibu asilimia 3 siku iliyofuata. Kwa anayeishi bondeni, asubuhi ni salama kuliko mchana, maana kilele huja baada ya saa sita na kuendelea alasiri. Barakoa ya kuzuia vumbi haisaidii kitu. Ozoni ni gesi na inapita. Kichujio cha chembe kwenye mashine ya kusafisha hewa nacho hakiizuii, ile yenye mkaa maalumu ndiyo hupunguza. Mashine zinazouzwa kuwa zinasafisha hewa kwa kutoa ozoni zisiingizwe ndani ya nyumba hata kidogo. Mwenye pumu awe na inhela mfukoni, si ndani ya gari.

Ushauri wa asubuhi usichukuliwe na kupelekwa kila mlima. Huko San Bernardino, mashariki mwa Los Angeles, mambo yako kinyume. Uchafu unapikwa mjini, upepo wa bahari na upepo wa mchana unaopanda mitelemko vinauinua hadi vijiji kama Crestline, karibu mita 1,400 juu, na ozoni hufika na kukaa. Chini mjini usiku monoksidi ya nitrojeni ya magari huila ozoni hadi inakaribia kwisha. Juu hakuna monoksidi ya kuila, na hewa iliyoinuliwa haigusi ardhi. Ozoni inalala macho. Misonobari ya ponderosa ya huko ilianza kuonekana ikiwa na madoa ya njano kwenye sindano zake tangu miaka ya 1950, ikiangusha sindano za miaka iliyopita kabla ya wakati, na ozoni ikathibitishwa kuwa ndiyo chanzo katika miaka ya 1960. Bonde linajitesa kwa mivuke yake lenyewe, mtelemko unateswa na jirani wa chini. Anayetunga sera bila kujua yuko katika hali ipi atakaza vali isiyohusika.

Kuhusu upimaji nitasema machache, kwa sababu makosa yake yanajirudia kila nchi. Kipimo cha kutegemewa hupitisha mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254 ndani ya hewa na kuona umefyonzwa kiasi gani. Mrija wa kuvutia hewa uwe wa teflon, na hewa isikae ndani yake zaidi ya sekunde 20, kwani ozoni hufia kwenye kuta chafu. Kichujio kichafu hakiongezi namba, kinaishusha. Kituo kilichotelekezwa daima huonekana kuwa na hewa safi. Jenereta ya kituo ikiwa upande unakotokea upepo, moshi wake utaila ozoni kabla haijafika kwenye mrija. Kituo kihakikiwe kwa ozoni ya kiasi kinachojulikana angalau kila wiki 2. Na anayelinganisha mlima na pwani atumie sehemu kwa bilioni. Kwa mikrogramu kwa mita ya ujazo, mchanganyiko uleule wa hewa kwenye urefu wa Pinedale husomeka pungufu kwa karibu robo kuliko usawa wa bahari kwa joto lilelile, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi.

Afrika Mashariki tunalo jambo la kuongeza hapa. Mlima Kenya una kituo cha kimataifa cha kufuatilia angahewa, kwenye mita 3,678, kinachoendeshwa na idara ya hali ya hewa ya Kenya, na Nairobi hurusha maputo ya kupima ozoni tangu miaka ya 1990. Data za mlimani zinafundisha subira: mchana hewa ya mashamba na vijiji hupanda na mitelemko hadi kwenye mrija, usiku hewa ya juu hushuka. Kituo kimoja kinapima hewa mbili ndani ya saa 24, na wastani wa siku nzima unazichanganya hadi hakuna inayotambulika.

Kituo kimoja cha mlimani hakitoshi kwa ukanda wa Ziwa Albert nchini Uganda, ambako visima vya mafuta vya Tilenga na Kingfisher vimechorongwa kati ya kuta za Bonde la Ufa. Theluji haitaanguka huko, na kemia ya Sublette haihamishiki ilivyo. Katika tropiki miti yenyewe hutoa misombo tete kwa wingi, hasa isoprini, kwa hiyo mara nyingi kinachoamua ni oksidi za nitrojeni: jenereta za dizeli, miali ya kuchomea gesi, malori, na juu yake moto wa nyika wa kila kiangazi. Kinachohamishika ni tangi, mpira wa kifuniko chake, na kalenda. Sublette ilianza kuona ozoni hii mwaka 2005, visima vikiwa vimeshajaa, na tangu hapo kila mjadala umekwama kwenye swali la hewa ilikuwaje kabla. Vipimo viwili vya ozoni, kimoja kando ya ziwa na kingine juu ya ukuta wa bonde, pamoja na kimoja cha oksidi za nitrojeni, vikisoma mfululizo misimu miwili ya kiangazi kabla tangi la kwanza halijajaa, vingewapa watu wa Buliisa na Kikuube namba ambazo wakazi wa Pinedale hawakuwahi kuwa nazo.